Amonaiti za milima ya Swabia: kupasua bamba na kusoma bahari iliyomo ndani yake

Kila kiangazi kikianza, maswali kuhusu amonaiti, wale wanyama wa bahari ya kale wenye gamba la kujizungusha ambao alama zao zimebaki ndani ya mawe, ni yale yale. Ninaruhusiwa kuokota? Nyundo ya seremala inafaa? Huyu si konokono kweli? Na wiki mbili baadaye: mbona jiwe langu limegeuka makombo ndani ya boksi? Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, basi haya hapa kwa maandishi. Ni kwa ndugu mnaoishi Stuttgart, Tübingen, Ulm na vitongoji vyake, na kwa wageni wenu wanaokuja na watoto wanaotaka kuona "mawe yenye wanyama".

Milima yenyewe ni Schwäbische Alb, au Alb kwa kifupi, safu ya chokaa kusini mwa Stuttgart. Kilele chake, Lemberg, kina mita 1,015, kwa hiyo usitarajie Kilimanjaro. Ila karibu yote ni sakafu ya bahari ya enzi ya Jurasiki. Matabaka yamelala karibu tambarare, ya zamani chini na ya karibuni juu, hivyo ukipanda kutoka bondeni unatembea kwenda mbele katika wakati. Wenyeji huyaita Jura nyeusi, Jura ya kahawia na Jura nyeupe. Profesa Quenstedt wa Tübingen, katika karne ya 19, aliigawa kila moja mara sita kwa herufi za Kigiriki, kuanzia alfa hadi zeta. Ukiona "epsilon" kwenye kibao cha makumbusho, ndiyo hesabu hiyo.

Mwongozo huu unahusu zaidi Jura nyeusi epsilon, yaani Posidonienschiefer: jiwe jeusi la tabaka nyembamba, linalonuka mafuta ukilipasua, la miaka milioni 180 na kitu. Ndilo rahisi kwa anayeanza. Pia ndilo linaloonyesha vizuri zaidi nani aliishi wapi baharini, na hilo mimi naliona kubwa kuliko kuwa na amonaiti nzuri kabatini.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

- Miwani ya kinga, kwa kila mtu, hata mtoto anayesimama tu kutazama. Chembe za jiwe hazichagui.
- Nyundo ya jiwe au ya mwashi, ya gramu 500 hadi kilo moja. Ya seremala ina chuma kigumu kisichokusudiwa kugonga tindo, na inaweza kumeguka ikarusha kipande.
- Tindo mbili: moja pana na nyembamba ya kupasulia, nyingine ndogo yenye ncha. Tindo ambayo kichwa chake kimepondeka na kutanda pembeni, iache au kainoe.
- Glavu, viatu vigumu, maji ya kunywa, kofia. Machimboni hakuna kivuli.
- Magazeti ya zamani mengi kuliko unavyodhani, mkanda wa gundi, boksi imara.
- Daftari, penseli, kalamu ya wino usiofutika, rula, simu yenye kamera. Lenzi ya kukuza mara kumi ikiwepo, vizuri zaidi.
- Dira, ile ya kwenye simu inatosha.

Asidi na siki ziache nyumbani. Magamba na belemnaiti (vijiti vya jiwe vilivyobaki kutoka kwa jamaa wa ngisi) ni chokaa, na siki inakula chokaa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali panaporuhusiwa. Eneo la Holzmaden na vijiji jirani ni eneo la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale ndani ya mawe, lililolindwa kisheria tangu 1979. Huchimbi kando ya barabara wala shambani kwa mtu, hata kama jiwe linachungulia. Nenda kwenye machimbo ya kulipia, kama ya Kromer huko Ohmden, ambako unalipa kiingilio na kupewa kifusi cha kugonga. Upande wa magharibi, Dotternhausen, kuna uwanja wa kugongea mawe karibu na makumbusho ya kiwanda cha saruji. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu na mvua, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda treni. Anayetoka Stuttgart huchukua treni ya S1 hadi kituo chake cha mwisho, Kirchheim unter Teck, kisha anatafuta usafiri wa kwenda Holzmaden.

Katika jimbo la Baden-Württemberg, kisukuku chenye thamani kubwa ya kisayansi ni mali ya dola. Kwa vitendo maana yake ni hii: amonaiti za kawaida na belemnaiti utaondoka nazo, mifupa, samaki mzima au chochote cha ajabu, acha kugonga na umwite mwenye machimbo. Usikifunike ukakirudia jioni. Wapo waliojaribu, na yaliyowakuta si mazuri.

Kuna mahali pa kutazama tu pia. Huko Ofterdingen, kusini mwa Tübingen, mto Steinlach unapita juu ya sakafu iliyojaa amonaiti kubwa za Jura nyeusi ya chini. Maji yakipungua unatembea juu yake. Hapo nyundo inabaki ndani ya begi.

2. Pitia makumbusho kwanza, saa moja tu. Makumbusho ya Hauff yako Holzmaden penyewe. Usizunguke kote, tafuta bamba kubwa la maua-bahari, wale wanyama wenye shina refu, walioshikilia gogo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa viumbe wa namna hiyo lazima wawe wameota sakafuni. Hawa walining'inia chini ya gogo lililokuwa likielea, kichwa chini, hadi gogo likazama nao. Likikukaa akilini bamba hilo, utaelewa karibu kila kitu utakachokipasua mchana: walioishi juu walianguka chini, na chini hapakuwa na wenyeji wengi.

3. Anza na kifusi, kaa mbali na ukuta. Ukuta wa machimbo huachia mawe bila taarifa, hasa baada ya mvua. Chagua mabamba yenye unene wa sentimita tatu hadi kumi, yenye kingo safi. Yaliyokaa juani miaka mingi yamekwisha kujifungua yenyewe na yameoza.

Utakutana pia na tabaka moja gumu linaloitwa Fleins, nene kama sentimita 18, ambalo wachimbaji walilitumia kwa meza na vizingiti vya madirisha. Usimalizie nguvu zako hapo siku ya kwanza.

4. Weka alama ya juu na chini. Ukilitoa bamba mahali pake halisi, kwa ruhusa, chora mshale wa kuelekea juu kabla hujaligeuza. Ukiliokota kifusini, andika "kifusi" na basi. Usibuni.

5. Pasua kwa ubavu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Lisimamishe bamba kwa ukingo wake, ulishike kwa mguu au ulibane kati ya mawe mawili. Weka tindo pana kwenye mstari wa tabaka, gonga taratibu mara mbili tatu, sogeza tindo kidogo, gonga tena, uzunguke hivyo hadi jiwe liachie. Lina tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri: ulifungue kwa ukingo litafunguka lenyewe, ulipige usoni litakupa makombo. Jiwe lenye unyevu kidogo hupasuka vizuri kuliko lililokauka kabisa.

Sauti inasaidia. Mlio mkavu, wa juu, ni jiwe zima. Mlio mzito uliofifia maana yake ufa umeshaingia. Weka nyundo chini, ingiza tindo na uisokote polepole.

6. Kabla ya kugusa chochote, piga picha na uhesabu. Hatua hii wanaoanza huiruka kuliko zote. Lile bamba lililofunguka lina nyuso mbili, zitazame zote. Weka rula pembeni, piga picha, kisha uandike kila ulichokiona, vibovu vikiwemo: amonaiti ngapi, belemnaiti ngapi, kombe ndogo ngapi, kipande cha mti, magamba ya samaki. Kama hakuna kitu, andika kwamba hakuna.

Kwa nini nakazania hivi? Kuna mfano unaotuhusu moja kwa moja. Eberhard Fraas, mtaalamu wa makumbusho ya Stuttgart aliyeyajua vizuri mawe haya ya Swabia, ndiye aliyekwenda Tendaguru, mkoani Lindi, mwaka 1907 kutazama mifupa mikubwa. Makumbusho ya Berlin yakachimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, kazi ikifanywa na mamia ya vibarua wa huko huko chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Dinosaria ndio waliopata sifa. Lakini katikati ya matabaka ya mifupa kuna matabaka ya bahari yenye kombe, belemnaiti na amonaiti, na hao ndio waliosaidia kujua umri wa mifupa. Amonaiti iliyookotwa bila kuandikwa tabaka lake isingesaidia chochote.

7. Tambua ulichonacho. Amonaiti na belemnaiti ni jamaa wa ngisi, pweza na dome. Konokono hawamo. Gamba la amonaiti limegawanywa ndani kwa kuta, na mnyama aliishi chumba cha mwisho tu. Vyumba vingine vilimsaidia kuelea. Konokono hana kuta hizo.

Kwenye Posidonienschiefer amonaiti zimebanwa bapa kabisa, kwa sababu gamba lenyewe liliyeyuka kabla tope halijawa jiwe. Usishangae kuona picha tu, yenye rangi ya shaba au weusi unaong'aa. Tazama mambo matatu: mbavu (mistari iliyoinuka juu ya gamba), mkuku (ukingo wa nje ulioinuka kama mkuku wa mashua), na kitovu (sehemu ya katikati ambako mizunguko ya ndani inaonekana).

- *Dactylioceras*: mizunguko mingi inaonekana, kitovu kipana, mbavu nyembamba zilizonyooka na kugawanyika mbili karibu na ukingo wa nje. Hakuna mkuku. Hii utaipata.
- *Harpoceras*: mbavu zilizopinda kwa umbo la mundu, mkuku kwenye ukingo, mizunguko ya nje inafunika sehemu ya ile ya ndani.
- *Hildoceras*: ina mkuku wenye mfereji kila upande, na mara nyingi mfereji mwingine unaopita katikati ya ubavu.
- *Lytoceras*: mizunguko inagusana tu bila kufunikana, mistari ni myembamba sana. Inaweza kuwa kubwa.
- *Phylloceras*: kitovu kidogo mno, mizunguko imefunikana karibu yote.

Belemnaiti ni kijiti cha jiwe chenye ncha, cha kahawia au kijivu, ukikivunja kina miale kutoka katikati. Hiyo ni sehemu ya nyuma tu ya mnyama aliyefanana na ngisi. Upande wa pili wa kijiti kuna shimo la umbo la pia, ambamo vilikaa vyumba vya kuelea. Kile kipande cheupe chepesi cha dome unachookota ufukweni Bagamoyo au Malindi kina kazi hiyo hiyo ya kuelea.

Ukiona doa jeusi tii, linalong'aa, lenye umbo la tone ndani ya alama ndefu ya kahawia, simama. Huenda ni kifuko cha wino. Jiwe hili linahifadhi wino wa ngisi wa zamani, na brashi yenye maji inatosha kuuharibu.

8. Isome bahari. Sasa rudi kwenye daftari na ujiulize maswali haya, kwa utaratibu wowote.

*Tabaka ni safi au zimevurugwa?* Mistari myembamba, isiyokatika, maana yake hakuna minyoo wala kaa waliochimba tope lile. Sakafu haikuwa na oksijeni ya kutosha. Ndipo mabaki yalipodumu, kwani hakukuwa na wa kuyala. Lakini chini kabisa ya mfululizo huu kuna tabaka lenye michirizi ya rangi hafifu inayotawanyika kama matawi. Wachimbaji waliliita jiwe la nyasi-bahari. Kumbe ni mashimo ya wanyama waliochimba tope: hapo sakafu bado ilikuwa hai.

*Kuna kombe ndogo zilizojaa uso mzima?* Ndizo zilizolipa jiwe jina, Posidonia, za ukubwa wa ukucha. Zikijaa uso mmoja na kukosekana kabisa milimita chache juu yake, soma kwamba hewa ilikuja kwa muda ikaondoka. Wataalamu bado wanabishana wapi kombe hizi ziliishi hasa, kwa hiyo usijenge hoja yote juu yake.

*Mdomo wa amonaiti una vibamba viwili?* Hizo ni aptiko, vibamba vya umbo la mabawa vilivyokaa sehemu ya mdomo. Vikiwa pamoja ndani ya chumba cha mwisho, mnyama alizama akiwa na mwili wake. Aptiko zikiwa peke yake, au gamba likiwa peke yake, basi mwili ulioza ukielea na vitu vikatengana njiani. Ni muhimu, kwa sababu gamba tupu linaweza kusafiri mbali sana na mahali mnyama alipoishi. Nautilasi wa leo hufanya hivyo.

*Belemnaiti zimeelekea wapi?* Kama bamba liko mahali pake halisi, pima kwa dira ncha za belemnaiti zote unazoziona, uziandike. Zikilala upande mmoja, mkondo wa maji ulipita hata kwenye sakafu hiyo tulivu. Zikitapakaa ovyo, maji yalikuwa kimya. Kwenye bamba la kifusi pima tu kama ziko sambamba zenyewe kwa zenyewe.

*Nani alimla nani?* Belemnaiti nyingi zilizorundikana mahali padogo zinaweza kuwa chakula cha mwindaji fulani. Makumbushoni Stuttgart yuko papa wa Holzmaden mwenye belemnaiti zaidi ya 200 tumboni. Vibanio vidogo vya mikono ya jamaa hawa wa ngisi hupatikana pia katika matumbo ya iktiosaria, reptilia wa baharini waliofanana na pomboo. Hivyo unaanza kuona ngazi: amonaiti, ngisi na samaki juu majini, wawindaji wakubwa kati yao, na chini giza lisilo na hewa lililopokea kila kilichoanguka.

Nadharia kidogo, kisha basi. Kipindi hicho hicho, kama miaka milioni 183 iliyopita, volkeno za Karoo kusini mwa Afrika zilimwaga lava nyingi mno, pamoja na zile za Ferrar huko Antaktika. Dunia ikapata joto na bahari katika sehemu nyingi zikapungukiwa na oksijeni. Bamba la Swabia lililo mkononi mwako ni sehemu ya habari hiyo.

9. Funga na usafirishe. Andika namba nyuma ya kila kipande kwa wino, na namba hiyo hiyo daftarini pamoja na mahali na tarehe. Nyuso mbili za bamba moja zipewe namba moja, A na B. Funga kila kipande peke yake kwa gazeti, uyasimamishe ndani ya boksi badala ya kuyalaza. Usiache boksi kwenye gari juani.

10. Kausha, safisha, hifadhi. Yaache ndani ya gazeti, kivulini, wiki mbili tatu. Mbali na hita na dirisha. Kisha tumia brashi laini kavu na sindano iliyochomekwa kwenye kijiti. Ondoa jiwe kwa kulisukuma kutoka kisukukuni kwenda nje, ukitazama kwa lenzi. Jiwe linaloachia maganda lipakwe Paraloid B-72 (plastiki ya kuimarishia vitu vya makumbusho) nyepesi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kama asilimia tano. Fungua madirisha, na pasiwe na moto. Vanishi ya mbao haifai: inakuwa ya njano na haiondoki.

Mambo yakienda mrama

*Nimegonga kutwa, sijapata kitu kizima.* Ni kawaida. Badilisha rundo, kwa kuwa kila tabaka lina yake. Uliza wahudumu leo kifusi kimetoka tabaka gani. Huwa wanajua na wanapenda kuulizwa.

*Amonaiti imepasuka katikati.* Usiigundishe palepale. Funga vipande vyote, hata vumbi lenye kipande, na uunganishe nyumbani kwa gundi ya haraka kidogo sana, baada ya kuvijaribu vikavu kwanza.

*Jiwe linajifungua lenyewe mezani.* Lilikauka haraka. Lizungushie gazeti, weka uzito mwepesi juu, subiri, kisha tia B-72 kwenye kingo ikinywee ndani ya nyufa.

*Rangi ya dhahabu imeota unga mweupe au wa njano na harufu kali.* Hiyo ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, inayooza kwa unyevu na kutoa asidi. Itenge na vingine mara moja. Futa unga kwa brashi kavu, weka kipande kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Usiioshe kwa maji. Wanaopeleka kipande nyumbani Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wajue hewa ya pwani itafanya kazi hii upesi kuliko ya Ujerumani.

*Sioni mkuku, sioni kitovu, ni mzunguko tu.* Mwangaza. Lizungushe bamba chini ya taa iliyowekwa chini, pembeni, ili mbavu zitoe vivuli. Piga picha hivyo hivyo. Ikishindikana, andika "amonaiti, haijatambuliwa". Ukiwa na tabaka na tarehe, mtu mwingine ataitambua baadaye.

*Uwanja wa ndege wameniuliza.* Beba daftari, picha za mahali na risiti ya machimbo ndani ya mkoba wa mkononi, na mawe ndani ya begi la mizigo. Nyundo na tindo pia ziende kwenye mizigo.